Magurudumu matatu yanapogeuzwa kuwa matano

Likizo ya Agosti iliyopita, mpwa wangu aliye katika Gredi ya 6 alinitembelea jijini akiwa na kigari chake cha waya. Kigari chenyewe kilikuwa na gurudumu moja mbele na mawili nyuma, yote yakiwa yamekatwa kutoka kwa malapa kuukuu. Kilikuwa na kasoro moja tu. Kila alipokikatisha kona ya ukumbi kwa mbio, kilipinduka chali.

Baada ya kukiinua mara kadhaa, kijana alichukua kisu, akakata magurudumu mengine mawili na kuyachomeka ubavuni mwa yale ya nyuma. Akakijaribu tena. Mara hii kilipita.

"Umeona, mjomba? Sasa hakianguki!" aliniambia akitabasamu.

Nilimpongeza, lakini nilibaki nikiwaza. Kwani yale aliyoyafanya mtoto huyu sebuleni mwangu ndiyo waliyoyafanya watu wazima ng'ambo kwa mashine ya kweli, yenye injini na mtu juu yake. Je, ilikuwa dawa au waliongeza mzigo tu? Katika makala haya tutaichunguza mashine hiyo, na hesabu zenyewe si ngumu kwa mwanafunzi yeyote wa sekondari.

Ilizaliwa kwa sababu ya theluji

Kisa chenyewe chaanzia Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Wauzaji wa pikipiki za kampuni ya Honda ya Japani walikuwa na tatizo moja: majira ya baridi yalipoingia, wateja waliadimika. Wakaomba watengenezewe kitu ambacho kingeuzika hata wakati huo.

Kazi hiyo alikabidhiwa mhandisi Osamu Takeuchi. Yeye na wenzake walijaribu mashine za magurudumu mawili, matatu, manne, matano, hata sita. Mwishowe walichagua matatu, kwa kuwa mpangilio huo ndio uliokwenda vyema kwenye theluji, matope na utelezi kwa injini ndogo waliyokuwa nayo.

Mwaka wa 1970 mashine hiyo ikaingia sokoni kwa jina la US90, ambalo baadaye liligeuzwa kuwa ATC90. Injini yake ilikuwa ya sisi 89 tu, ndogo kuliko za bodaboda nyingi tunazopanda leo. Haikuwa na springi. Kazi ya kumpunguzia mwendeshaji mitikisiko ilifanywa na matairi yake manene kama maputo, ambayo yalijazwa hewa kidogo mno, kipimo cha pauni 2 hivi kwa kila inchi mraba. Linganisha na tairi la gari dogo, ambalo huhitaji pauni 30 hivi.

Kwa sababu ya ulaini huo, mashine iliulemea mchanga karibu sawa na mtu aliyesimama kwa miguu yake. Palipozama pikipiki ya kawaida, yenyewe ilielea. Mwaka wa 1971 ilionekana hata katika filamu ya James Bond iitwayo Diamonds Are Forever, na sifa zake zikazidi kuenea. Wakulima waliitumia shambani, wawindaji msituni, na wazazi wakawanunulia watoto wao kama kitu cha kuchezea.

Hapo ndipo msiba ulipoingia. Katika miaka ya 1980 injini zilizidi kuwa kubwa na mwendo ukaongezeka. Kufikia 1986, idadi ya watu waliotibiwa majeraha hospitalini nchini Marekani kwa ajali za mashine za aina hii, za magurudumu matatu na manne pamoja, ilikuwa imepita 80,000 kwa mwaka. Mamia walikufa, na karibu nusu ya waliokufa walikuwa watoto walio chini ya umri wa miaka 16.

Serikali ya Marekani iliwapeleka watengenezaji mahakamani. Mwaka wa 1988 walikubali kuacha kuuza mashine mpya za magurudumu matatu nchini humo kwa miaka kumi. Muda huo ulipokwisha, makampuni makubwa yalikuwa yamehamia magurudumu manne, na mwaka wa 2008 sheria mpya ilipiga marufuku uingizaji na uuzaji wa mashine mpya za matatu. Hata hivyo, zile za zamani hazikuzimwa. Wapo wanaozitunza na kuziendesha hadi leo, na baadhi yao ndio hao walioongeza magurudumu ya pili nyuma, kila upande moja, hata jumla ikawa matano.

Mafiga hayapindui chungu

Huenda msomaji anajiuliza: mbona kitu chenye nguzo tatu kipinduke? Sisi tumelelewa na mafiga. Mafiga ni matatu, na chungu kikishawekwa juu yake hutulia tuli hata kama sakafu ya jiko ina mabonde. Kigoda cha miguu mitatu nacho hakichezi, ilhali kiti cha miguu minne kikiwa na mguu mmoja mfupi huyumba siku nzima.

Ni kweli kabisa. Nguzo tatu haziyumbi, kwani zote hugusa chini daima. Lakini kutoyumba ni jambo moja, na kutopinduka ni jambo jingine. Chungu hakiendi popote, na ujiti mtamu wa mafiga uko katika kutulia kwake. Jaribu kuketi kwenye kigoda cha miguu mitatu kisha uegemee upande ambao hauna mguu. Utajikuta sakafuni kabla ya kusema lolote!

Kila kitu kilichosimama kina mahali ambapo uzito wake wote ni kana kwamba umekusanyika. Walimu wa fizikia hupaita kitovu cha uzito. Ukidondosha uzi wenye jiwe kutoka kwenye kitovu hicho, maadamu jiwe linaangukia ndani ya umbo linalozungukwa na miguu, kitu hicho hakianguki. Jiwe likitoka nje ya umbo hilo, kimekwenda.

Umbo linalochorwa na magurudumu manne ni mstatili. Umbo la magurudumu matatu ni pembetatu iliyochongoka mbele, na hapo ndipo penye shida. Kadiri mwendeshaji anavyoketi mbele, ndivyo pembetatu inavyozidi kuwa nyembamba chini yake.

Tuchukue kalamu

Hebu tutumie mfano. Chukua mashine ambayo magurudumu yake ya nyuma yako umbali wa sentimita 80, yakipimwa katikati hadi katikati. Mwendeshaji akiwa juu, kitovu cha uzito kiko sentimita 60 kutoka ardhini, na kiko sehemu sita kwa kumi za safari ya kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma.

Nusu ya 80 ni 40. Lakini kwa kuwa umbo ni pembetatu, chini ya kitovu hicho hatuna sentimita 40 za kila upande. Tuna sehemu sita kwa kumi za 40, yaani sentimita 24. Gawanya 24 kwa kimo cha 60, upate 0.4. Maana yake ni kwamba mashine hiyo itapinduka ikisimama kwa ubavu kwenye mteremko unaopanda zaidi ya sentimita 40 kwa kila mita moja. Huo ni mwinamo wa nyuzi 22 hivi.

Sasa ongeza gurudumu la pili kila upande wa nyuma, lililo sentimita 25 nje ya lile la kwanza. Nusu ya upana inakuwa 65, na sehemu sita kwa kumi zake ni sentimita 39. Gawanya kwa 60, upate 0.65. Mwinamo unaovumilika sasa ni nyuzi 33. Mtoto alikuwa na haki ya kutabasamu!

Lakini usiweke kalamu chini bado. Chukua mashine ya magurudumu manne yenye upana ule ule wa sentimita 80, mbele na nyuma. Umbo lake ni mstatili, hivyo nusu yake ni 40 kamili, na 40 kwa 60 ni 0.67. Kwa maneno mengine, kuongeza magurudumu mawili nyuma na kuipanua mashine hadi sentimita 130 kumetufikisha karibu pale pale ambapo gurudumu moja tu la ziada mbele lingetufikisha, bila kuongeza upana hata kidogo. Si ajabu basi watengenezaji walihamia magurudumu manne.

Na mwendo je? Hapa ndipo wengi hudanganyika. Katika kona yenye nusu kipenyo cha mita 5, mashine ya kwanza ingeanza kuinuka ikifika kilomita 16 kwa saa, ikiwa ardhi imeshika matairi vyema na mwendeshaji hakuegemea ndani. Ile yenye magurudumu ya ziada ingeinuka ikifika kilomita 20. Upana wote ule umetununulia kilomita 4 tu! Sababu ni kwamba nguvu inayoisukuma mashine nje ya kona huongezeka kwa mraba wa mwendo. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu hiyo huzidi mara nne. Kijana anayejiambia kuwa sasa mashine yake haianguki, akavuta mafuta zaidi, atakuwa ameimaliza faida yote kabla ya kona ya pili.

Kinachotolewa kwa mkono wa pili

Wahenga walisema kizuri hakikosi ila. Magurudumu ya ziada yana gharama zake, na baadhi hazionekani kwa macho.

Kwanza, ni kukata kona. Nyingi za mashine hizi za zamani hazina difu. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, na magurudumu yote yaliyofungwa juu yake huzunguka sawa. Ilhali kwenye kona, gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani. Kwa mzunguko mmoja kamili, magurudumu yaliyo sentimita 80 hutofautiana kwa mita 5. Yakiwa sentimita 130, tofauti ni mita 8. Tofauti hiyo yote ni lazima iishie katika kuburura matairi ardhini.

Waendeshaji wazoefu walikuwa na mbinu yao. Walikanyaga kikanyagio cha upande wa nje huku wakiegemeza kiwiliwili upande wa ndani, ili gurudumu la ndani lipunguziwe uzito na kuteleza kwa urahisi. Hivyo ndivyo mashine ilivyokubali kukata kona. Tazama basi ajabu hii: wepesi ule ule wa kuinuka ulioipindua ndio pia ulioifanya igeuke. Ukiikataza kuinuka, unaikataza pia kugeuka. Mwendeshaji hupindua usukani, gurudumu la mbele likaparuza tu mchangani, na mashine ikaendelea mbele kuelekea kwenye mti.

Pili, ni nguvu ya vyuma. Ikiwa katikati ya gurudumu la kwanza iko sentimita 20 kutoka kwenye beringi, na la pili liko sentimita 45, basi uzito ule ule ukiangukia gurudumu la nje huipinda ekseli kwa nguvu iliyozidi mara 2 na robo. Na kwenye ardhi yenye mawe au visiki, gurudumu la nje ndilo hukutana navyo kwanza. Ekseli haikuundwa kwa mzigo huo. Ikikatika, hukatika mtu akiwa juu.

Tatu, ni nafasi iliyo kati ya matairi mawili. Makondakta wa malori wanayajua haya. Jiwe likikwama kati ya matairi ya jozi hula ubavu wa tairi taratibu, na siku likichomoka huruka kama risasi. Matope nayo hujazana humo. Aidha, tairi la ndani likiisha upepo halionekani, ndiyo maana utamwona utingo akiyagonga matairi kwa chuma na kusikiliza mlio kabla ya safari.

Nne, kuna namna za kupinduka ambazo magurudumu hayo hayazigusi kabisa. Mashine inapopanda mlima mkali, hupinduka kwa nyuma, na upana wa nyuma hausaidii lolote kwa hilo. Inaposhuka huku ikifunga breki na kukata kona, uzito husogea mbele, mahali ambapo pembetatu ni nyembamba. Hapo pia nafuu ni ndogo.

Yanapofaa

Je, ina maana magurudumu ya jozi ni upuuzi? La hasha! Yana mahali pake. Kwenye mchanga mwororo, kinamasi na theluji, matairi manne nyuma hugawana uzito, na mashine huzama kidogo zaidi. Kwa mkulima anayekokota mzigo polepole kwenye ardhi laini, hiyo ni faida halisi. Matrekta mengi makubwa duniani hufungwa magurudumu ya jozi kwa sababu hiyo hiyo.

Wanaoifanya kazi hii vyema hufuata mambo machache. Matairi ya upande mmoja huwa ya kimo kimoja, maana ekseli huyazungusha sawa, na lililo refu zaidi litabeba mzigo wa mwenzake. Kipande cha chuma kinachotenganisha rimu mbili hukerezwa na fundi wa mashine ili kikae katikati barabara, wala hakikatwi kwa msumeno na kuchomelewa kwa makadirio. Bolti huwa ndefu za kutosha na zenye ugumu unaostahili, na hukazwa upya baada ya safari fupi ya kwanza. Beringi hukaguliwa mara kwa mara. Pia huacha nafasi kati ya matairi, kwani tairi lenye hewa kidogo hutanuka likibeba mzigo, na mawili yakisuguana yatakatana.

Zaidi ya hayo, mwendo hupunguzwa. Anayetaka kukimbia hana kazi na magurudumu ya jozi.

Jaribio la nyumbani

Wazazi na walimu wanaweza kuwaonyesha watoto haya yote bila injini wala hatari. Tengenezeni kigari cha waya chenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma, kisha mkifungie jiwe dogo juu kwa mpira. Kiwekeni kwa ubavu juu ya ubao, mwinue upande mmoja wa ubao polepole, na mpime kwa kipima pembe ni nyuzi ngapi kinapopinduka. Rudieni jiwe likiwa mbele zaidi, kisha nyuma zaidi. Kisha ongezeni magurudumu ya jozi na mpime tena.

Watoto wataona mambo mawili. Magurudumu ya ziada husaidia. Na kulisogeza jiwe nyuma, au kulishusha chini, husaidia pia, wala hakugharimu hata senti moja.

Jambo hilo la pili latuhusu sisi kuliko tunavyodhani. Tuktuk zinazotubeba Mombasa, Kisumu na miji mingine zina umbo lile lile: gurudumu moja mbele, mawili nyuma. Ingawa zina difu na hutembea barabarani, pembetatu yao haijabadilika. Abiria watatu walioketi kiti cha nyuma wako mahali pema, karibu na ekseli, ambapo pembetatu ni pana. Lakini dereva anapowabana wengine wawili mbele ubavuni mwake, husogeza uzito kuelekea kwenye ncha. Mzunguko wa barabara ukimpata na mwendo, atakumbuka mafiga akiwa amechelewa. Mzazi, ukiambiwa kwamba pale mbele bado kuna nafasi ya mtoto, mngoje mwingine.

Na pale Diani, ambapo wageni na wenyeji hukodi pikipiki za magurudumu manne, usidhani gurudumu la nne limemaliza hatari. Hesabu yake tumeiona: ni nyuzi 34 dhidi ya 33. Mtoto asipewe mashine ya mtu mzima, na kofia ngumu isiachwe kwenye ndoano.

Siku ya kuondoka, mpwa wangu alinijia tena na kigari chake. Magurudumu ya ziada alikuwa ameyang'oa. Nilimwuliza sababu.

"Yanakifanya kisikate kona, mjomba," alinijibu. "Nimeshusha jiwe chini, halafu nakwenda polepole."